Programu za simu kwa mwenye ugonjwa sugu wa utumbo: ipi imfae nani

Ukitafuta "Crohn" au "kolaitisi" kwenye duka la programu za simu, utaletewa orodha ndefu ya vitu vinavyofanana kwa sura: kalenda, grafu za rangi, mchoro wa tumbo, na ahadi kwamba utaudhibiti ugonjwa wako. Kabla ya kupakua yoyote, jiulize hivi: nikishaingiza kwamba leo nimekwenda haja mara saba na nimeona damu, nani ataiona taarifa hiyo, na atafanya nini? Kwa baadhi ya programu jibu ni muuguzi wa kliniki, naye atakupigia simu. Kwa nyingi jibu ni wewe mwenyewe tu. Kwa chache, jibu ni kampuni inayouza matangazo. Tutazilinganisha kwa kigezo hicho, maana ndicho kinachobadilisha afya ya mtu.

Kwanza ujue ugonjwa wako ni upi

Programu nyingi huchanganya makundi mawili ya magonjwa yasiyotibiwa kwa njia moja. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda, ambayo huvimbisha na kuchubua ukuta wa utumbo. Damu, homa, kupungua uzito na upungufu wa damu ni sehemu yake, na dawa zake ni za kutuliza uvimbe au kinga ya mwili. La pili, ugonjwa wa utumbo wenye hisia kali (ule wa tumbo kujaa gesi, kukata, kuharisha au kufunga choo huku vipimo vikitoka safi) hauuvimbishi utumbo, ingawa mateso yake ni ya kweli. Programu iliyotengenezwa kwa kundi hilo la pili huwa na mafunzo ya chakula na ya kutuliza mawazo, na mara nyingi haina hata sehemu ya kuandika damu. Mwenye kolaitisi akiitegemea hiyo, anakosa dalili muhimu kuliko zote. Kwa hiyo fungua ukurasa wa kuingiza dalili kabla ya kitu kingine. Usipoona mahali pa damu, pa haja za usiku na pa haraka ya kukimbilia choo, ifute utafute nyingine.

Shajara ya dalili na programu iliyounganishwa na kliniki

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo.

Shajara ni programu unayojazia mwenyewe: idadi ya haja, aina ya choo, maumivu, dawa, usingizi. Iliyo nzuri hutumia vipimo ambavyo daktari anavifahamu. Aina ya choo hupimwa kwa jedwali la Bristol, lenye ngazi 1 hadi 7: 1 ni vigololi vigumu vilivyotengana, 3 na 4 ni choo cha kawaida, 7 ni majimaji matupu. Programu inayokupa nyuso za kucheka na kununa badala ya ngazi hizo haitakusaidia mbele ya daktari, kwa sababu uso ulionuna hauwezi kulinganishwa na kitu chochote mwezi ujao.

Kwa kolaitisi ya vidonda, tafuta programu yenye fahirisi ya SCCAI (maswali mafupi yanayopewa alama ili kupima ukali wa ugonjwa), iliyotolewa mwaka 1998. Hujazwa na mgonjwa bila kipimo cha damu. Chukua mfano wa mtu aliyekwenda haja mara 5 mchana: hiyo ni alama 1. Akaamka mara moja usiku: alama 1. Haja ikimshika ni lazima aende papo hapo: alama 2. Ameona chembe za damu: alama 1. Hali yake ya jumla imeshuka kidogo: alama 1. Jumla ni 6, na kuanzia 5 huhesabiwa kwamba ugonjwa umeamka. Kwa ugonjwa wa Crohn kuna fahirisi ya Harvey-Bradshaw ya mwaka 1980: chini ya 5 ni utulivu, 5 hadi 7 ni hali nyepesi, 8 hadi 16 ni ya kati, zaidi ya 16 ni kali.

Ila namba hizo zina kasoro ambayo programu chache huitaja. Katika ugonjwa wa Crohn, dalili na hali halisi ya ukuta wa utumbo mara nyingi haviendi pamoja. Mtu aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba anaweza kuharisha kila siku kwa sababu nyongo haifyonzwi tena ipasavyo. Fahirisi itampa alama kwa kila choo cha majimaji, na programu itamtangazia kwamba ugonjwa umechachamaa ilhali utumbo umetulia. Mwingine hajisikii chochote, grafu yake ni ya kijani miezi mitatu, huku utumbo ukizidi kubanwa na makovu. Kwa mwenye Crohn, shajara peke yake haitoshi. Iendane na kipimo cha choo au cha damu.

Programu iliyounganishwa na kliniki hutumia maswali yale yale, lakini majibu huenda kwenye skrini ya muuguzi. Jibu likivuka kiwango kilichowekwa, tahadhari hutokea upande wake, naye humpigia mgonjwa, humuagizia kipimo au humuita aje. Mfano uliochunguzwa vizuri ni myIBDcoach ya Uholanzi. Utafiti wake, uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2017, uliwafuata wagonjwa 909 kwa miezi 12. Waliotumia mfumo huo walikwenda kliniki wastani wa mara 1.55 kwa mwaka, wenzao mara 2.34, kulazwa hospitali kulikuwa 0.05 dhidi ya 0.10 kwa mtu, na ubora wa huduma waliouripoti haukupungua.

Usidhani kwamba kuunganishwa tu kunatosha. Utafiti wa Marekani wa TELE-IBD wa mwaka 2019, wenye watu 348, ulitumia ujumbe wa simu wa kila wiki au kila wiki mbili. Ukali wa ugonjwa na ubora wa maisha haukutofautiana na wa waliopata huduma ya kawaida. Kilichopungua ni kulazwa, na simu pamoja na vipimo vikaongezeka. Tunavyoona sisi, faida kubwa ya mifumo hii ni kumkamata mapema mgonjwa anayedidimia, na kumwondolea yule aliyetulia safari zisizo za lazima. Dawa isipobadilishwa na mtu, programu haimponyi yeyote.

Ukipewa programu ya kliniki, uliza mambo matatu kabla ya kuitegemea. Tahadhari husomwa siku zipi na saa ngapi? Nikiandika damu Ijumaa usiku, nani ataiona kabla ya Jumatatu? Muuguzi huyo akiwa likizo, nani anashika zamu? Kliniki isiyoweza kujibu imekupa shajara yenye nembo ya hospitali, na uitumie kama shajara.

Aina nne kuu zikiwekwa sambamba zinakuwa hivi:

| Aina | Inakuomba nini | Nani anaona | Inakwama wapi |
|---|---|---|---|
| Shajara ya dalili | Dakika mbili, kila siku au kila wiki | Wewe, na daktari ukimpelekea | Watu huacha kujaza wakipata nafuu |
| Iliyounganishwa na kliniki | Maswali kwa ratiba ya kliniki | Muuguzi au daktari | Zamu zisizo na mtu wa kusoma tahadhari |
| Kipimo cha choo nyumbani kwa kamera | Sampuli, kifaa, simu inayokubalika | Wewe, na kliniki ikiwa imejiunga | Sampuli mbaya, mwanga mbaya, kifaa ghali |
| Kikumbusho cha dawa | Kuweka ratiba mara moja, kwa usahihi | Wewe | Ratiba zisizo za kila siku |

Kupima kalprotektini kwa kamera ya simu

Kalprotektini ni protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapoingia kwenye ukuta wa utumbo uliovimba. Ikipanda kwenye choo, kuna uvimbe. Ndiyo maana kipimo hiki huziba lile pengo kati ya dalili na hali halisi. IBDoc ya kampuni ya Bühlmann ya Uswisi ni mojawapo ya vifaa vinavyosomwa kwa simu. Chini ya mikrogramu 100 kwa gramu ya choo huhesabiwa kawaida, 100 hadi 300 ni ya kati, na zaidi ya 300 ni ya juu.

Kazi yenyewe haina ugumu lakini haitaki papara. Tandaza karatasi ya kukingia ili choo kisiguse maji wala mkojo. Chomeka kijiti cha sampuli sehemu kadhaa tofauti za choo, hadi vijifereji vyake vijae. Kirudishe kwenye kichupa chenye kimiminika, tikisa kwa nguvu kama maelekezo yanavyosema, kisha dondosha kwenye kaseti, yaani kile kibao kidogo kinachoonyesha jibu. Programu huhesabu dakika, na muda ukitimia unapiga picha ya kaseti.

Makosa ni yale yale karibu kila mara. Vijifereji visivyojaa hushusha jibu. Choo cha majimaji hakishiki kwenye kijiti, hivyo siku ya kuharisha vibaya, ambayo ndiyo mtu hutamani kupima, ndiyo ngumu kupata jibu la kuaminika. Kivuli cha mkono au taa ya upande mmoja huifanya kamera ikatae picha. Kaseti iliyokaa nje ya joto lililoandikwa kwenye boksi haifai. Na simu: kila kifaa kina orodha ya simu kinazozikubali, kwa sababu kamera hutofautiana, kwa hiyo angalia orodha hiyo kabla ya kununua.

Jibu la juu halina maana moja tu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hupandisha kalprotektini, na maambukizi ya tumbo huipandisha pia. Jibu la kati hurudiwa baada ya wiki chache kabla ya kuamua chochote. Tumia kifaa cha aina ile ile kila mara: 180 ya kampuni moja si lazima iwe 180 ya nyingine, na mtu anayebadilisha vifaa huona milima na mabonde yasiyokuwepo tumboni mwake.

Vikumbusho vya dawa: hatari iko kwenye ratiba

Programu za kawaida za kukumbusha dawa hutosha kwa mesalazini ya kila siku, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Dawa nyingine za utumbo hazifuati siku, na hapo ndipo programu inapoweza kudhuru.

Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hunywewa au kuchomwa mara moja kwa wiki. Programu nyingi ukiongeza dawa mpya huweka "kila siku" zenyewe, bila kuuliza. Methotreksati ya kila siku huua uboho unaotengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Weka siku moja ya wiki, iandike pia kwenye boksi la dawa, na ongeza kikumbusho tofauti cha asidi ya foliki kwa siku aliyosema daktari. Programu isiyoruhusu "mara moja kwa wiki" usiitumie kwa dawa hii hata kidogo.

Prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, hupunguzwa hatua kwa hatua. Ratiba ya kawaida ni kuanza na miligramu 40 na kushuka 5 kila wiki, yaani wiki 8. Programu inayokubali kipimo kimoja tu itakukumbusha miligramu 40 hadi mwisho. Ingiza mistari minane, kila mmoja na tarehe yake ya kuanza na kuisha, na hakikisha hakuna siku yenye mistari miwili wala siku tupu katikati. Steroidi haikatizwi ghafla baada ya wiki kadhaa, hivyo siku tupu si jambo dogo.

Sindano ya adalimumabi kwa kawaida ni kila siku 14. Usichague "mara mbili kwa mwezi": ukiweka tarehe 1 na 15, pengo la nusu ya pili ya mwezi hufika siku 17. Kadhalika infliksimabi, dawa ya dripu, hutolewa wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. "Kila miezi miwili" huongeza siku tatu hadi sita kila mzunguko. Kikumbusho kizuri cha sindano kina hatua mbili: kimoja cha kuitoa kwenye friji mapema ipoteze ubaridi kwa muda ulioandikwa kwenye kijikaratasi chake, na kingine cha kuchoma.

Kikumbusho kisipolia, mara nyingi kosa si la programu. Simu nyingi za Android huzima programu zisizofunguliwa ili kuokoa betri. Ingia Mipangilio, tafuta Betri, iruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi. Kuanzia Android 13 lazima pia uiruhusu kutuma arifa. Halafu weka kikumbusho cha majaribio dakika kumi mbele, zima skrini, usubiri kilie. Ukisafiri kuvuka kanda za saa, kiangalie tena.

Shajara za chakula

Hizi ndizo zinazopendwa zaidi, nasi tungependa zitumiwe kwa tahadhari zaidi. Programu hutazama ulichokula saa mbili kabla ya kuharisha na kukiita mkosaji. Lakini tumbo likipokea chakula, utumbo mpana hujikaza kusukuma kilichokwishafika chini, na kilichopo chini ni cha jana au juzi. Haja ya dakika ishirini baada ya mlo haisemi kwamba mlo huo umekudhuru. Mtu akiiamini programu kila mara huondoa chakula kimoja, kisha kingine, na baada ya miezi amebaki na vyakula sita na kilo nane pungufu.

Programu ya Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, iliyotoka mwaka 2012, ni ya kiwango kingine: vyakula vimepimwa maabara na kupewa rangi ya kijani, njano au nyekundu kwa kiasi cha sukari zinazochacha tumboni, zile ziitwazo FODMAP. Lengo lake ni utumbo wenye hisia kali. Humsaidia pia mwenye Crohn au kolaitisi ambaye uvimbe umetulia lakini gesi na kukatwa tumbo vinaendelea, pasipo kuponya uvimbe wenyewe. Hatua ya kuondoa vyakula ni ya wiki 2 hadi 6 tu, kisha hurudishwa kimoja kimoja. Kubaki kwenye hatua ya kwanza ndilo kosa la kawaida. Na mwenye utumbo uliobanwa na makovu ajue kwamba kijani hakimhusu moja kwa moja: rangi hupima sukari, haipimi maganda, mbegu na nyuzinyuzi ngumu zinazoweza kuziba njia.

Ukitaka shajara ya chakula, andika kwa wiki mbili tu, bila programu kukutafsiria, umpelekee mtaalamu wa lishe.

Ramani za vyoo

Kwa anayeogopa kutoka nyumbani, ramani ya vyoo ni msaada wa haraka kuliko grafu yoyote. Flush hutumika nchi nyingi; We Can't Wait ya Crohn's & Colitis Foundation ni ya Marekani; Australia ina ramani ya taifa ya vyoo vya umma. Nyingi hutegemea taarifa za watumiaji, hivyo choo kinaweza kuwa kilifungwa zamani. Itazame njia yako ungali na intaneti nyumbani, na uhifadhi sehemu mbili badala ya moja.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kliniki yako ina mfumo wake na mtu wa kuusoma: tumia huo, hata kama sura yake ni ya zamani na polepole. Huna kliniki ya namna hiyo na una kolaitisi ya vidonda: shajara yenye SCCAI, ujaze kila siku ugonjwa ukichachamaa na mara moja kwa wiki ukitulia. Kujaza kila siku wakati wa afya huchosha, na anayechoka huacha kabisa, halafu ugonjwa ukiamka hana kumbukumbu. Una Crohn: kwa dalili shajara nyepesi inatosha, pesa na juhudi ziende kwenye kalprotektini ya maabara au ya nyumbani. Dawa zako ni za wiki au za sindano: kikumbusho kije kabla ya vyote. Unamtunza mtoto: chagua inayoruhusu watu wawili kuingia akaunti moja kwa simu tofauti, ili dozi isitolewe mara mbili.

Hakuna hata moja iliyo chombo cha dharura. Kwa vigezo vya Truelove na Witts vya mwaka 1955, ambavyo bado vinatumika, haja zenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa ya zaidi ya 37.8 au mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, ni kolaitisi kali ya kulazwa. Vivyo hivyo tumbo kuvimba na kutapika bila kutoa hewa wala choo. Nenda hospitali, kujaza fomu kutasubiri.

Kabla ya kuipa programu miezi ya taarifa zako, ijaribu siku tatu. Ingiza data halisi, ikiwemo siku moja bila intaneti, uone kama inahifadhi. Toa faili la PDF au CSV ulitume kwa mtu mwingine: likifunguka kwake na kusomeka kwa kurasa mbili, daktari atalisoma, likiwa kurasa arobaini, hatalisoma. Angalia ruhusa inazodai, kwani shajara ya choo haina sababu ya kutaka orodha ya majina ya simu yako. Soma ni nani anagawiwa taarifa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya GDPR inayotumika tangu Mei 2018 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi lenye ulinzi wa ziada, lakini programu ya kwingine inaweza isibanwe na sheria kama hiyo. Mwisho tafuta kitufe cha kufuta akaunti. Kufuta programu kwenye simu hakufuti kilichoko kwenye seva, na kitufe hicho kisipokuwepo, usiingize jina lako kamili wala picha ya choo chako.